Viroba Viwili Nyuma ya Injini

Gereji, Kalangalala
Alhamisi, jua likielekea kuzama

Kabula binti yangu,

Usitafute humu ndani habari za chandarua, wala namna ya kuficha simu kwenye basi, wala chakula gani usile njiani. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumapili, na kesho stendi atayasema tena; wewe itikia tu, "Ndiyo mama." Mimi nina jambo moja. Nimefunga gereji mapema, wateja nimewaambia nina mgonjwa, Mungu anisamehe, na nimekaa juu ya lile dramu ulilokuwa ukikalia ukitoka shule. Ukiona alama za grisi kwenye karatasi, ujue ni vidole vyangu. Nimenawa mara mbili, hazitoki.

Jambo lenyewe linamhusu baba yako mdogo, Masanja.

Juzi tukila, mama yako alikwambia Ijumaa utalala kwake Shinyanga ili uwahi basi la Arusha alfajiri. Ukasukuma sahani. Ukasema, "Silali kwa mtu aliyejivunja mguu kwa sifa na kuvunja gari la watu. Nitalala gesti." Mama yako akaguna, akanitazama. Mimi nikachovya tonge kwenye mlenda kana kwamba sikusikia kitu. Nilitafuna lile tonge muda mrefu, Kabula. Lilikuwa tonge la kawaida kabisa, lakini lilikataa kushuka, kwa sababu maneno uliyoyasema hukuyatunga wewe. Niliyatunga mimi, miaka kumi iliyopita, nimesimama kando ya barabara.

Basi ngoja nikueleze tangu mwanzo, na uniache nimalize ndipo unikasirikie.

Unalikumbuka lile gari jekundu? Ulikuwa na miaka tisa. Bosi Luhende, mnunuzi wa dhahabu wa kule Mwakitolyo, alilileta likiwa juu ya lori kutoka bandarini. Gari la michezo, viti viwili tu, limelala chini hata ukitaka kuingia unajikunja kama unaingia chini ya kitanda kutafuta kandambili. Mtaa mzima ulijaa hapa. Wauza nyanya waliacha meza zao. Na mimi, fundi Maganga, ninayejulikana kuanzia hapa mpaka Ushirombo, nikafungua boneti mbele ya kadamnasi.

Loh! Hakuna injini.

Kulikuwa na tairi la akiba na nafasi ya begi. Watu wakaanza kucheka. Pale pale ningesema, "Bosi, gari la namna hii sijawahi kulishika, nipe siku mbili niulize," yote nitakayokuandikia yasingetokea. Badala yake nikasema kwa sauti, "Ndiyo, najua," nikazunguka nyuma taratibu, kama mtu aliyekuwa akielekea huko tangu mwanzo. Injini ilikuwa nyuma ya viti, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na nyuma ya injini kuna buti dogo la kuwekea labda mabegi mawili. Nikatikisa kichwa kama daktari. Watu wakaacha kucheka, wakaamini, na mimi mwenyewe, aisee, nikajiamini.

Bosi alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, gari linakwangua kila tuta. Mbele, chini ya bampa, lilikuwa na mdomo mrefu wa plastiki, umeshuka karibu kugusa lami, na kwa matuta yetu haya ulikuwa unalia kila mita mia. La pili, akikanyaga mafuta kwenye barabara ya udongo iliyolowa, mkia unacheza.

Nikasema, "Bosi, hayo ni madogo. Kesho kutwa njoo uchukue gari lako."

Ule mdomo niliukata kwa msumeno. Niliukata vizuri, nikapiga msasa, hata usingejua kama uliwahi kuwapo. Na kwa ule mkia nikatumia dawa ya pikapu. Unaijua, umeiona maisha yako yote: msimu wa mvua ukiingia, mwenye pikapu anatupia viroba viwili vitatu vya mchanga nyuma ili mkia utulie. Nikaenda kwa wasagaji wa mawe, nikajaza viroba viwili vya marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuoshwa, maana ni mzito kuliko mchanga wa mtoni. Nikavipakia kwenye lile buti dogo, nikavifunga kwa mpira. Nikajipongeza.

Pikapu, Kabula! Pikapu injini yake iko mbele na nyuma ni tupu, ndiyo maana inahitaji uzito nyuma. Lile gari uzito wake wote ulikuwa tayari nyuma, nami nikauongezea mwingine, tena nyuma ya ekseli. Dawa ilikuwa ya kweli, ila mgonjwa hakuwa yeye.

Na wewe uliliona. Hili sidhani kama unalikumbuka, ndiyo maana naliandika. Ulikuwa umekaa hapa hapa kwenye dramu, unakula muwa, ukasema, "Baba, si itakuwa kama baiskeli ya mkaa?"

Nikakuuliza, "Baiskeli ya mkaa gani?"

"Ile wanayopakia magunia nyuma mpaka gurudumu la mbele linataka kuruka. Usukani unakuwa mwepesi, haukati kona."

Nikakujibu, "We mtoto, kazi ya watu wazima hujui, kasome." Ukaendelea na muwa wako. Mtoto wa darasa la tatu! Ulikuwa umesema kila kitu ambacho mimi nilikuja kukielewa baada ya mtu kuvunjika.

Masanja wakati ule alikuwa dereva, unajua. Mdogo wangu wa tumbo moja, na dereva mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa akibadilisha gia usisikie. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa sifa. Nilimwita yeye aje kulijaribu gari kabla Bosi hajaja. Alipoketi, akashika usukani, akaniambia, "Kaka, mimi hiki kidude sikijui." Unaona tofauti yangu na yake? Yeye alisema hajui.

Nikainama dirishani, nikampa ushauri. "Gari ni gari. Ukiona linakushinda kwenye kona, usihangaike. Achia mafuta tu, litarudi."

Huo ushauri sikuuokota. Umeniokoa mara nyingi. Gari lenye injini mbele, ukiingia kona kwa kasi, pua inakwenda nje. Unaachia mafuta, uzito unasogea mbele, matairi ya mbele yanauma lami, gari linarudi njiani kwa adabu. Miaka ishirini nimeendesha hivyo. Nilidhani ni sheria ya dunia, kumbe ni sheria ya magari niliyoyazoea.

Kwenye lile jekundu, Masanja alikwenda vizuri kwenye barabara iliyonyooka. Baada ya daraja kuna ile kona ndefu ya kulia, lami mpya. Mdomo wa mbele haupo, upepo unaingia chini ya pua na kuinyanyua. Nyuma gari lilikuwa na bawa kama la ndege, nalo sikuligusa, likabaki palepale linakandamiza mkia. Ukienda polepole huhisi kitu. Ila upepo, wewe mwenyewe ulinifundisha, ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Pua ikaanza kwenda nje. Akafanya alichoambiwa na kaka yake: akaachia mafuta. Uzito wote ukahama ghafla kwenda mbele, matairi ya nyuma yakabaki mepesi, na vile viroba viwili, vilivyokuwa nyuma ya kila kitu, vikataka kutangulia. Gari liligeuka likatazama lilikotoka. Likatoka barabarani kinyumenyume likaingia kwenye shamba la pamba.

Tulimkuta amelazwa chini, kando ya gari, nyonga imevunjika. Hakuwa akilia. Alinitazama tu. Watu walikuwa wengi, na Bosi Luhende akafika na gari lingine, akashuka akipiga kelele, "Nani? Imekuwaje?"

Sikupanga, Kabula. Naapa sikupanga. Lakini kinywa kilifunguka kabla ya moyo, nikasema, "Kijana kaendesha kwa sifa, Bosi. Nilimwambia apunguze."

Sentensi moja tu. Masanja aliisikia. Alikuwa karibu hivi, kama kutoka hapa nilipo mpaka kwenye benchi la spana. Akafumba macho. Nilijiambia amefumba kwa maumivu.

Maneno yakitoka hayarudi. Kufika jioni, Kalangalala nzima inajua Masanja ni mtu wa sifa. Kufika wiki, amekuwa mlevi. Mimi hilo la ulevi sikulisema, lakini sikulikanusha, na ukilipima huoni tofauti. Nyonga ikaunga vibaya, na hata ingeunga vizuri, nani angempa gari tena? Akahamia Shinyanga na mkewe. Leo anaendesha bajaji. Bibi yako alikufa akisema, "Masanja wangu aliponzwa na mbio." Nilikuwa nimemshika mkono aliposema hivyo. Nikamwambia, "Ndiyo mama."

Sasa kuna kitu sijakueleza. Siku ile, kabla lori halijaja kulivuta gari, nilizunguka nyuma kufungua buti. Nilijua Bosi akiona vile viroba atauliza nani kaviweka. Nikafungua. Buti lilikuwa tupu. Nikadhani vimerukia shambani, au kuna mtu kaviiba akidhani ni mawe ya dhahabu. Nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kabisa, kwa sauti, mdogo wangu akiwa anapakiwa kwenye gari la kumpeleka hospitali.

Wiki mbili baadaye mke wa Masanja alikuja hapa gereji. Alikuwa na kifurushi cha kanga. Tukasalimiana, "Mhola?" "Mhola." Akafungua kanga, akatoa viroba viwili, vitupu, vimefuliwa, vimekunjwa kama mashuka. Akasema, "Shemeji, Masanja kasema hivi ni vyako. Alimwomba mfugaji mmoja, ndiye aliyefika wa kwanza pale, amwage ule mchanga mtaroni kabla watu hawajaja. Kasema wewe una gereji na watoto, yeye ana mguu tu."

Akakunja kanga yake, akaondoka. Maji hakunywa.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Alikuwa amelala chini nyonga imevunjika, na cha kwanza alichofikiri ni kunificha mimi. Na mimi, nilipofika, cha kwanza nilichofikiri ni kujificha nyuma yake.

Nilitaka kumfuata. Nilisema nitakwenda Jumapili. Halafu Jumapili nyingine. Fundi mwenzangu akinisifu mbele ya watu, nilijiambia nitakwenda jina likishatulia. Jina lilipotulia, niliona haya kwa sababu muda umepita. Kila mwaka ulioongezeka ulikuwa sababu mpya ya kutokwenda. Simu tunapigiana, ya pasaka, ya msiba. "Kaka, hamjambo?" "Hatujambo, na nyie?" Miaka kumi yote tumeongea hivyo, kama watu wanaopishana kwenye daraja jembamba.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu, ulivyokuja na ile nondo? Ulivalisha nati mbili kubwa katikati ya nondo, ukanipa niizungushe. Ikazunguka kirahisi, ikasimama kirahisi. Kisha ukazisogeza nati mwishoni, ukaniambia zungusha tena. Ikawa nzito kuanza, na ilipoanza ikagoma kusimama, ikanivuta kiwiko. Ukasema, "Umeona, Baba? Ndiyo maana wanaweka injini katikati, gari ligeuke haraka na litii. Ukiweka uzito mwishoni, mkia ukianza kwenda haurudi." Macho yako yalikuwa yanang'aa. Kisha ukaongeza, "Kama yule baba mdogo angekuwa na akili, asingeachia mafuta katikati ya kona."

Nilitoka nje. Nilikwambia nakwenda kuzima jenereta, na siku hiyo umeme ulikuwepo. Nilisimama nyuma ya choo, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia. Nilikuwa nimepata mwalimu ndani ya nyumba yangu, na somo la kwanza aliloniletea lilikuwa kosa langu, na jina aliloliandika juu yake lilikuwa la mtu mwingine.

Pale pia ningesema. Sikusema. Nilikuogopa. Bosi Luhende sikumwogopa tena, alishahama zamani. Nilikuogopa wewe. Tangu ukiwa mdogo ukinitazama nikifungua injini unanitazama kama mtu anayejua kila kitu, nami nimeishi kwa mtazamo ule, nimeula kama chakula. Sikutaka uniangalie kwa namna nyingine. Basi nikamwacha Masanja aangaliwe hivyo badala yangu.

Sasa unakwenda kusomea magari. Watakufundisha mambo ya upepo na uzito kwa hesabu ambazo mimi nikiziona naona mende wametembea kwenye karatasi. Sina cha kukuongezea huko. Ninachokijua ni kidogo na nimekinunua kwa nyonga ya mtu mwingine. Kuna siku utafungua boneti mbele ya watu na injini haitakuwepo. Itatokea, hata wewe na vyeti vyako. Watu watacheka. Sema hujui. Kicheko chenyewe ni cha dakika moja, nakuhakikishia, hata chai haipoi. Na kuna siku mtoto aliyekaa kwenye dramu na muwa mdomoni atakuuliza kitu cha kijinga. Acha spana, umsikilize.

Na nisamehe kwa lile neno, "kasome." Ulikuwa sahihi kabla yangu. Nilitaka usikie hivyo kutoka kwangu mwenyewe kabla mwalimu mwingine hajakwambia.

Jana nilimpigia Masanja. Kabla sijafungua kinywa, akaniuliza, "Kaka, mtoto analala kwangu au vipi? Mke wangu kafua neti." Nikasema analala. Nilidanganya, kwa sababu wewe ulishasema gesti. Akafurahi, akaniambia nisihangaike na usafiri, atakuja stendi na bajaji kukupokea. Kisha akacheka, "Mwambie asiogope, siku hizi injini yangu ipo nyuma lakini siendi kasi." Amecheka, Kabula. Baada ya yote anaweza kulichekea. Mimi nikasema mtandao unakata.

Mama yako anajua. Nimemwambia leo mchana, mara ya kwanza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliingia ndani, akatoka na michembe, vile viazi vitamu alivyokuwa amekukaushia, akaigawa mafungu mawili, moja lako la safari, moja la Masanja. Akaniuliza, "Vile viroba bado unavyo?" Nilikuwa navyo. Miaka kumi viko chini ya sanduku la spana, vimekunjwa vile vile. Fungu la Masanja akalijaza kwenye kiroba kimoja. Kingine akakijaza karanga. Akafunga kwa kamba ya katani, akaviweka mlangoni.

Sasa hivi nasikia unaita huku nje, unauliza baba yuko wapi, chai imeiva. Nakuja. Barua nitakupa kesho tukishaondoka stendi, usome njiani. Mpaka Shinyanga kuna saa za kutosha. Ndiyo, nimesema tukishaondoka. Nimekata tiketi yangu. Kiti changu ni cha nyuma yako, ili usione uso wangu ukisoma, na mimi nisione wako.

Sikuombi unisamehe ndani ya basi. Wala sitakulazimisha kulala kwa mtu yeyote, umeshakuwa mkubwa. Ninachokuomba ni kwamba tukishuka, ukimwona mtu anayechechemea anakuja kukupokea begi, umwamkie shikamoo ya kweli, ile unayompa mtu unayemheshimu. Hiyo haki yake nimeikalia muda mrefu.

Kisha kama unataka gesti, nenda, nitakuelewa. Mimi nitapanda bajaji yake na viroba vyote viwili, mpaka kwake, na nitamwambia mbele ya mkewe na majirani zake watakaokuwepo. Lakini ukiona unaweza, mwanangu, chukua kiroba kimoja. Ni vizito kwa mtu mmoja.

Baba yako,
Maganga